Nilimwambia Mama Mkwe Bei ya Umeme Naipanga Mimi

Mpendwa mshauri mwenzangu (usikunje uso, nimeandika mwenzangu kwa sababu na mimi natoka ofisi ya ushauri, tofauti yetu ni kwamba wewe unashauri wapendanao na sisi tunashauri shirika la umeme), naomba unisaidie upesi, maji yamenifika shingoni, na mimi ni mrefu, kwa hiyo ujue ni maji mengi.

Shule niliishia kidato cha pili kwa sababu mimi na hesabu hatukuelewana, halafu tazama maajabu, leo nimeajiriwa kwenye ofisi ambayo kazi yake ni hesabu tupu, iko ghorofani juu ya duka la magodoro, na tunachofanya ni kuliambia shirika liuze umeme kwa bei gani ili lenyewe lisife na wananchi nao wasife. Bosi wetu ni mama mmoja mfupi tunayemwita Mama Desimali, maana anaweza kugombana asubuhi nzima kwa ajili ya nukta moja iliyokaa pasipo pake. Mimi kazi yangu, na usicheke, ni kupita nyumba kwa nyumba na duka kwa duka kuuliza watu kama wana friji, kama wana pasi, wanawasha saa ngapi, majibu naingiza kwenye tableti, na siku za mikutano nabeba projekta, natandaza nyaya na kuwamiminia wakubwa maji. Lakini fikiria, bila mimi hakuna takwimu, bila takwimu hakuna hesabu, bila hesabu hakuna bei, kwa hiyo nikisema bei naipanga mimi nimedanganya kidogo tu, au sivyo?

Basi takwimu zikanipeleka kwenye saluni ya mama mmoja mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na pembeni yake binti yake, anayesomea uhasibu, alikuwa anamsuka mteja, na mimi nilipomwona nikasahau swali nililokuwa nauliza. Mama akanishukia, "Wewe kijana, maswali yote haya kuhusu draya zangu, unataka kuja kuziiba?"

Nikamwambia, "Mama, tulia. Unaongea na mtu anayepanga bei ya umeme wa mji huu."

"Wewe?"

"Mimi."

"Na viatu hivyo?"

"Mama, sisi wakubwa hatuvai viatu vya kujionyesha."

Binti akacheka, na kicheko kile, mshauri, ndicho kilichoniponza.

Mama akasema kama ni kweli nimpunguzie, nikajibu acha nilishughulikie, na sasa sikiliza bahati ya mtu mzuri. Shirika lina utaratibu wake, uniti za mwanzo za kila mwezi zinauzwa kwa bei nafuu, ukizimaliza ndipo unaingia bei kamili, na mama alikuwa ananunua tu bila kufuatilia. Mimi nikarudi pale mwezi ulipoanza, mkono mfukoni, nikamwambia, "Nunua sasa hivi uone." Akanunua kwa pesa ileile ya siku zote, uniti zikaja nyingi, mama akashika kifua, akaniita baba, akanipa kiti chenye mto. Habari ikatembea. Fundi wa kuchomelea vyuma akaanza kuniita mheshimiwa, kinyozi wa jirani hanitozi mpaka leo, na kila mwezi ukianza nilikuwa napita mtaa ule mikono nyuma kama mkaguzi, watu wananunua umeme na kunipungia. Jina likawa Mpanga Bei.

Na mimi na binti tukapendana kweli, hilo silitanii, na mama ameshaanza kuniita mkwe kabla hata ya wazazi wangu kufika kwake.

Sasa shirika limetangaza kwamba linaomba kupandisha bei, na hesabu za ombi hilo zimeandaliwa ofisini kwetu, juu ya magodoro. Mama akaniita saluni, hata draya zimezimwa.

"Mkwe, hii ni nini?"

"Mama, hayo ni mambo ya juu."

"Juu wapi? Si wewe ndiye juu?"

Nikasema ninalifuatilia. Akasema vizuri sana, kwa sababu wiki ijayo kwenye mkutano wa maoni ya wananchi, ule unaofanywa kabla bei haijabadilishwa, atakuja na saluni nzima, fundi wa vyuma na kinyozi, atashika kipaza sauti na kusema, "Mpanga bei ni mkwe wangu, yule pale, na sasa hivi ataishusha mbele yenu." Nilicheka mpaka meno yakakauka, mshauri, maana kwenye mkutano huo atakayeeleza bei ni Mama Desimali, na mimi nitakuwa pembeni nimeshika jagi. Mpanga bei na jagi! Bosi hana utani, ataona nimekuwa nawaahidi watu mambo kwa jina la ofisi, kazi itaota mbawa, na mchumba nitamkosa. Huyo naye siku hizi simwelewi, kila nikiingia ananiuliza, "Mpanga Bei, siku ya mkutano utavaa suti au utabeba projekta?" halafu anacheka peke yake, na mimi habari za projekta sikumwambia kamwe.

Na kazi yenyewe naipenda. Juzi Mama Desimali alikuwa anawaeleza wageni kwamba kinacholiua shirika ni jioni, watu wote wanarudi nyumbani na kuwasha kila kitu kwa mpigo, inabidi iwashwe mitambo ya mafuta ambayo ni ghali, wakati mchana umeme umejaa tele hauna wa kuutumia. Nikadakia, "Kwa hiyo wa mchana anatubeba na wa jioni anatuangusha." Bosi akaniangalia kama ameona kuku anasoma gazeti, kisha akasema, "Ndiyo hivyo hasa." Mimi siku moja nataka nikae kwenye meza ile, nimiminiwe maji mimi.

Nimepanga siku ya mkutano niugue tumbo. Au una ujanja bora zaidi?

Ni mimi mwenye sura nzuri na tumbo litakalouma,
Mpanga Bei

MSHAURI ANAJIBU

Mpanga Bei, mshauri mwenzangu wa bandia,

Nimecheka hadi wa chumba cha pili wakaja kuuliza kulikoni. Sasa nimemaliza. Kaa chini.

Tumbo lako liache na afya yake. Ukiugua siku hiyo, mama atakuja ukumbini vilevile. Atasimama na sauti yake ya kuamsha mtaa, atanyoosha kidole ulipotakiwa kuwa, na ukumbi mzima utamcheka. Barua yako yote umeandika aibu yako, kazi yako, mchumba wako. Huyo mama aliyekupa kiti chenye mto hukumfikiria hata mstari mmoja. Yeye ndiye atakayeumia kuliko wote, na mbele ya majirani zake. Umenielewa, mheshimiwa?

Tuanze na binti. Mtu anayesomea uhasibu unamdanganya kuhusu uniti? Anajua, kijana wangu. Anajua kuhusu projekta, pengine na jagi, na bado anakungoja mlangoni acheke nawe. Anakupa nafasi ya kusema mwenyewe. Nenda kwake leo, usimletee maua wala maneno matamu, mwambie kazi yako ilivyo na umwombe akusindikize kwa mama.

Kwa mama nenda saluni ikishafungwa, pasiwe na mteja wala kinyozi. Usianze na utani, maana nakuona utaanza na utani. Mwambie, "Mama, bei sipangi mimi. Unafuu ule wa mwanzo wa mwezi ni wa kila mtu, nilijipa sifa isiyokuwa yangu." Atakufokea. Mwache afoke mpaka amalize. Kiti kitaondolewa, kaa hata kwenye ndoo. Kinyozi naye ukaanze kumlipa.

Akishatulia, mpe kitu cha kweli, kwa sababu unacho. Umeniandikia mwenyewe kwamba umeme wa mchana umejaa tele na jioni ndiyo tatizo. Saluni inakausha nywele saa ngapi? Fundi anachomelea saa ngapi? Mchana! Basi hilo ndilo neno la mama kwenye kipaza sauti: sisi wa biashara ndogo tunatumia umeme wakati hauna wateja, mtufikirie bei ya mchana. Mkutano umewekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Hahitaji mkwe mkubwa ili asikilizwe.

Lakini kesho asubuhi, kabla hujamfundisha mama neno lolote, panda juu ya magodoro kwa bosi wako. Mweleze jina ulilojipa mtaani na mtaa uliokuamini, umuulize ni yapi unaruhusiwa kuwaeleza wananchi. Akikataza, funga mdomo, na karatasi ya ofisi isitoke hata moja. Atakukaripia, tena kwa nukta zote. Ila mtu aliyekwambia "ndiyo hivyo hasa" mbele ya wageni hakufukuzi kwa kumwendea na ukweli. Akikufukuza, niandikie, nitajua nilikosea. Na ukiwa bado umesimama pale, muulize anasomaje mtu aliyeishia kidato cha pili na anayetaka kukaa kwenye meza ile. Masomo ya jioni yapo. Hesabu mtaelewana tu, wewe ndiye uliyemkimbia mwenzio.

Siku ya mkutano fika mapema, tandaza nyaya zako, shika jagi kwa mikono miwili na usijifiche nyuma ya pazia. Mama atazungumza kwa muda mrefu, tunamjua. Akirudi kwenye kiti chake koo litakuwa limekauka. Wakubwa wa meza ya mbele watasubiri. Glasi ya kwanza mpelekee yeye.