Dole gumba la Mama Kiden

Koboko, Jumanne

Na neno lenyewe lilitoka kinywani mwangu. Asubuhi kule Lobule, kwenye makazi ya wakimbizi, nilimwambia Mama Kiden, "Naomba nikuandike." Nilimaanisha mahojiano ya utafiti wangu wa chuo kuhusu waliofiwa. Akaweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa hata kabla sijamaliza kumsomea.

Saa nzima alinisimulia kifo cha mwanawe. Alilia. Mimi niliandika huku nikifurahi, Mungu anisamehe, kwamba hatimaye nimepata mahojiano mazuri.

Nilipofunga daftari akauliza, "Mtoto yangu, neti ya mbu iko nakuja siku gani?"

Huku anayekuja kuandika watu anaandika watakaopewa kitu. Nimekulia Arua, hapa jirani, nilijua!

Nikamwambia hakuna neti, na akitaka naichana karatasi sasa hivi. Akapangusa macho. "Hapana, baki nayo. Wewe iko mgeni yangu."

Situlii. Fomu imejazwa sawasawa, msimamizi wangu hatakuwa na neno. Lakini je, hiyo ni ridhaa, au...

Kwenye fomu mahali pa dole papo. Mahali pa kuandika kwamba mtu alikubali kwa adabu tu, hapana.