Waridi la Nyumba Iliyoungua

Elburgon, 6 Mei 1957

Baba mpendwa,

Asalaam aleikum. Natumai umzima na kifua kimepoa. Sisi hatujambo, mvua tu imetuzidi.

Najua hujajibu barua zangu tangu niolewe na Kimaiyo, kwa vile unasema alisilimu kwa ajili yangu tu. Leo sikuandikii habari za ndoa. Nyuma ya kiwanda cha mbao kuna nyumba iliyoungua, imebaki dohani peke yake, na waridi limeipanda mpaka juu. Halina mwenyewe. Nilipolinusa nilikumbuka lile la marehemu mama, lililong'olewa hapo Bondeni walipopanua barabara. Wewe ndiye unayeyajua mawaridi. Laweza kuwa ndilo, aina ile ile?

Mwanao,
Ladan

Nakuru, 29 Juni 1957

Ladan,

Waaleikum salaam. Kifua ni kile kile.

Maua mengi hunukia. Tazama kila jani limegawanyika vijani vitano au saba. Geuza uone kama chini lina manyoya. Miiba imenyooka au imepinda? Kausha petali chache kivulini. Lile la mama yako lilinukia zaidi likikauka. Usikate kitu bado.

Dualeh

Elburgon, 8 Julai 1957

Baba,

Asalaam aleikum. Sote tu wazima, na nimefurahi kuona mwandiko wako, hata kama umetia jina lako tu.

Vijani ni saba. Chini ni laini kama sikio la sungura. Miiba imepinda. Petali nimekutilia humu kwenye bahasha.

Lakini nyapara amesema Jumatatu ijayo trekta litasafisha pale, wanataka mahali pa kupanga magogo. Kimaiyo anasema tulihamishe. Mimi naogopa litakufa mikononi mwetu. Tafadhali jibu upesi.

Mwanao

Nakuru, 11 Julai 1957

Ladan,

Salamu kwenu. Barua hii nimempa dereva wa lori ili ikuwahi. Lipunguzeni lifike magotini. Chimbeni mbali na shina, litoke na udongo wake, mlifunge kwa gunia lililoloa. Lipandwe siku hiyo hiyo. Majani yakianguka msishtuke.

Babako

Elburgon, 16 Septemba 1957

Baba,

Asalaam aleikum. Hujambo na baridi ya huko?

Nimekawia kwa sababu sikuwa na habari ya kukupa. Kimaiyo alichimba Jumapili nzima, mvua ikimnyeshea, miiba ikimpasua mikono. Tulilipanda hapa uani, na wiki nyingi lilikuwa fimbo tu. Nilitaka kukuandikia kwamba limekufa, akanizuia. "Mzee asisikie hivyo mpaka tuwe na hakika," alisema.

Jana niliona machipukizi, mekundu kabisa. Sasa niambie, ndilo la mama?

Mwanao

Nakuru, 20 Septemba 1957

Mwanangu Ladan,

Waaleikum salaam. Mimi mzima.

Silo. Nilijua nilipofungua bahasha: petali zilikuwa zimepoteza harufu njiani. Sikukuambia, msije mkaliachia trekta.

Hili lenu silijui jina. Nimewauliza wenye bustani wote ninaowafahamu hapa mjini, kila mmoja anasema lake. Kwa barua hatutalitambua, lazima nilione likichanua. Mungu akipenda nitapanda treni Jumamosi ya kwanza ya Novemba.

Mwambie mkwe wangu anipokee steshini. Sura yake siijui, kwa hiyo asingoje nimtambue. Na anisogelee, anipe mkono.

Babako