Sanda Chini ya Soksi

Joubert Park, Jumanne, baada ya Isha

Nilidhani nimeificha vyema, chini ya soksi za sufu. Keshokutwa nasafiri kwenda Mongolia kwa binti yetu Rukia, anayetibu mifugo ya wafugaji wahamaji. Nitafuatana naye siku ishirini katika nyika zisizo na mji wala msikiti. Kwa umri wangu, sikuona busara kwenda huko bila sanda yangu.

Leo Mama Rukia alipanga begi upya, akaiona.

"Baba Rukia, unakwenda kumwona mwanao au kumpa kazi ya kukuzika?"

Nikamweleza kwamba mauti hayachagui mahali. Akanisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kisha akaweka sweta nene palipokuwa na sanda.

"Baridi ya huko nayo haichagui mzee."

Sanda ameirudisha kabatini, juu ya yake, zilipokaa pamoja tangu tuliporudi kutoka Hija.

Nakiri kwamba naogopa. Kufa si neno. Naogopa kufa mbali naye.

Baada ya sala nilimwomba radhi, kama impasavyo msafiri. Akaendelea kukunja kanzu zangu.

"Radhi utaipata ukirudi," akasema.

Basi sina budi kurudi, inshallah.