Godoro Chini ya Maji

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa; kama umesimama na jembe mkononi, nakuomba ukae kwanza. Goti la Mama linaendeleaje? Na Shangazi, kile kikohozi kimemwachia? Mimi mwili hauna neno, ila chakula nakula nimesimama na usingizi unanikimbia. Nimekupigia simu mara nyingi, haipatikani. Labda ni heri, maana ungenitania kidogo tu, ningecheka, nikakata simu kabla sijasema lililonifanya nipige. Ndiyo maana nimempa dereva wa gari la maziwa barua hii, akuletee leo hii hii.

Ni kuhusu Jumanne, Baba.

Najua ulifurahi kuniona nikishuka kwenye gari la ofisi pamoja na mhandisi. Ulimwambia mhandisi, mama wa watu, mbele ya kila mtu, kwamba kijana wako zamani alikuwa na mabega lakini kiti cha ofisini kimeyala. Dereva wetu alicheka mpaka akajifuta machozi, na tangu siku hiyo ananiita Bila Mabega. Mhandisi hakucheka. Alikuwa anatazama maji.

Tulikuja kwa sababu watu wa bondeni, Shangazi akiwa mmoja wao, walilalamika kwamba chini ya tuta la bwawa pamelowa ilhali mvua haijanyesha siku nyingi. Mhandisi alipopanda juu ya tuta aliuliza kwa nini bwawa limejaa. Jirani yako akamjibu kwamba hilo ni bwawa, sasa alitaka lijae nini, mahindi? Ndipo mhandisi akaeleza upya yale yaliyoelezwa kwenye mkutano wakati linajengwa: kwamba hili si bwawa la kutunza maji, ni la kuchelewesha maji. Mafuriko yanaingia kwa kishindo, yanatoka polepole kwa lile bomba la chini lisilofungwa, kisha bwawa linabaki tupu likingoja mvua nyingine. Likikaa limejaa, mvua kubwa ikija haina pa kuingia, na tuta lenyewe la udongo linazidi kulainika. Nakumbuka kwenye mkutano ule ulisimama ukauliza maji yanacheleweshwaje, kwani ni bibi harusi? Watu walivunjika mbavu, na maana ya neno ikapotelea kwenye kicheko. Nami nilicheka.

Dereva alipochokoa mdomo wa bomba kwa ufito wenye ndoano, kilitoka kipande cha kitambaa cha mistari, pamba imekigandia. Ulisema harakaharaka kwamba maji hubeba takataka za kila aina. Dereva akasema basi maji haya yanalala pazuri kuliko yeye, akakitupa pembeni. Mkacheka tena. Mimi nilikuwa nimekitambua. Kwenye kile kitambaa palikuwa na kiraka cha pazia la maua, alichokishona Mama siku nilipounguza godoro nikijaribu kunyoosha kaptula ya shule kwa pasi. Walipogeuka kulitazama tuta, nilikiokota nikakitia mfukoni kikiwa bado kinachuruzika. Uliniona, Baba. Tulitazamana, halafu ukarudi kwenye nyanya zako, pale kando ya bwawa.

Tuliporudi ofisini mhandisi alisema ni uchafu tu umekwama, pengine utalegea wenyewe. Pampu ya kupunguza maji iko kwenye kazi nyingine, basi tutaingoja. Jana redio ikatangaza mvua kubwa milimani kabla ya wiki kwisha. Aliguna, akasema tuombe iwe ndogo. Nilikaa kwenye meza yangu nikipiga mihuri, na kila muhuri ulioshuka niliusikia kama tuta linaachia. Maana yeye anadhani ni uchafu. Mimi najua ni godoro zima la pamba, na najua unavyofunga vitu: unakunja, unazungusha waya, unaukaza kwa koleo mpaka unalia. Fundo lako halijawahi kulegea hata siku moja.

Sikulaumu kama mtu wa mbali; najua uliziba bomba ili nyanya zisikose maji. Nimebeba ndoo zile za kiangazi, nimeona miche ikinyauka huku wewe umesimama katikati yake hujui mikono uiweke wapi. Shati nililovaa sasa limetoka kwenye nyanya hizo. Lakini nyumba ya Shangazi iko pale pale maji yatakapopita, na shule iko nyuma ya nyumba yake.

Baba, leo asubuhi niliingia kwa mhandisi nikaweka kiraka juu ya meza yake. Nilimwambia ni godoro letu, nililala juu yake mpaka nikaota ndevu. Nilidhani atanifukuza. Aliuliza tu kama ni la sponji au la pamba. Nilipojibu la pamba alinyanyua simu, akasema anataka pampu kesho asubuhi, na hataki kusikia habari ya kazi nyingine. Kisha akauliza aliyeliweka ni nani. Nikamtajia jina lako lote, kama nilivyofundishwa kulitaja shuleni.

Ndivyo ilivyo. Sasa nisikilize, japo mimi ndiye mtoto. Najua ukimaliza kusoma utachukua koleo uende kulitoa mwenyewe kabla hatujafika. Usiingie majini. Mhandisi amesema bomba likizibuka ghafla litamvuta mtu kama kijiti. Waya umeukaza wewe, uache wakate wengine. Leo kabla ya giza kamchukue Shangazi na majirani zake wote, wapande kwetu. Wakiuliza, sema ni amri ya karani mmoja hivi, hana mabega.

Mwambie Mama namsalimu, na kiraka chake hakijafumuka hata uzi mmoja. Msalimie Shangazi atakapokuwa ameshakaa jikoni kwetu.

Mhandisi alinipa ruhusa nibaki ofisini kesho. Nimekataa. Nitakuja nao, kwenye kiti cha nyuma. Kama una hasira nami, Baba, nakuomba uningojee nazo ukiwa umesimama juu kule barabarani, miguu yako mikavu.

Ni mimi,
Mwanao