Jina la Hewani

Jumatatu, Julai 12, 1982

Nilimngoja mtu wa Posta na leseni yangu ya redio, akaja polisi.

Nilikuwa na kidato cha pili, tunafanya somo la sumaku. Mwalimu mkuu akachungulia mlangoni akasema nina mgeni. Uso wake ulikuwa umebadilika. Mgeni anaitwa Inspekta Nangiro, ni wa mambo ya usalama, hana sare, anaongea chinichini kama mtu aliye wodini. Ombi langu la leseni limeshushwa kutoka Nairobi hadi mezani kwake. Mtihani nimepita, wa nadharia na wa Morse pia, zile herufi za milio. Amebaki yeye. Akisema ndiyo, napewa jina la hewani — zile herufi na namba ambazo watu wa redio dunia nzima watanijua kwazo. Akisema hapana — hilo hakulifikia.

Akauliza nitaongea nini na hao wageni. Nikasema: jina, mahali, mashine unayotumia, hali ya hewa. Siasa marufuku, biashara marufuku. Akauliza kama kweli nimehangaika miaka miwili na fomu na mitihani ili nimwambie Mjapani kwamba Isiolo kuna jua. Nikasema ndiyo. Nilipojisikia nikisema hivyo, hata mimi nisingemwamini mtu wa aina hiyo.

Kisha akanakili yote niliyojaza kuhusu transmita, mashine yangu ya kuitia hewani: vali mbili za kioo, nguvu yake, chumba ilipo, nyumba yetu Kiwanjani. Nimeiunda mwenyewe, na sijawahi kuita hewani nayo hata mara moja. Naijaribu kwa balbu tu. Balbu ikiwaka najua inafanya kazi, na hakuna anayesikia. Waya wa eriali uko juu ya paa, lakini hadi leo ni wa kusikilizia tu.

Alipoinuka akaniambia nisiihamishe, watakuja kuikagua. "Nikija nisipoiona, Mwalimu, nitajiuliza iko kwa nani."

 Nimefuturu kwa maji na tende mbili tu.

Jumatano, Julai 14

Nimemweleza Mama. Nilidhani ataniambia niache mambo haya. Kumbe ameelewa kuliko Inspekta! Kwetu Waborana watu wawili wakikutana porini hawapitani hivi hivi, hata kama hawajuani. Mtasimama, mtapeana habari: mvua imenyesha wapi, majani yako wapi, kisima gani kina maji, njia ina amani? Kumnyima mtu habari ya njia ni jambo baya sana. Mama akasema si hiyo tu ninayotaka kufanya? Sasa polisi anaogopa nini? Halafu akauliza kama wazungu wa kwenye redio wana ng'ombe. Nikasema wengine wanao.

Nimecheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Ijumaa, Julai 23

Idd! Mama mdogo Qabale amekuja kutoka Biliqo, amepanda lori la Gedi. Gedi ni jirani yetu, Msomali, babu yake aliletwa huku na jeshi la mkoloni. Anapeleka sukari Merti na kurudi na mbuzi. Tumekula mpaka tukashindwa kuinuka. Mama na mdogo wake wanaongea wote wawili kwa pamoja na wanasikilizana, sijui wanafanyaje.

Nangiro hajarudi. Kila Land Rover ikipita nachungulia dirishani.

Jumapili, Agosti 1

Asubuhi sauti ya redio si ile ya kila siku. Serikali imepinduliwa, anasema. Muziki. Anarudia. Muziki tena. Baada ya chakula cha mchana sauti nyingine: jeshi limewashinda waasi, watu watulie majumbani.

Nimekaa na redio ndogo mapajani, na nyuma yangu, chini ya kitambaa cha meza, transmita. Walianza na kituo cha redio! Kabla ya kitu kingine chochote walikimbilia redio! Sasa nani ataambiwa kwamba mwalimu wa kike wa Kiwanjani ana mashine ya kuita nchi za nje, aamini ni kwa ajili ya hali ya hewa?

Ningeivunja leo hii. Lakini Nangiro ana karatasi yenye jina langu na vali mbili. Wakiikuta, nina transmita bila leseni wiki ya mapinduzi. Wasipoikuta, iko kwa nani?

Sithubutu kuigusa. Naogopa hata kuipangusa vumbi.

Jumanne, Agosti 3

Haipo.

Nimerudi kutoka sokoni, meza tupu. Kitambaa kimekunjwa vizuri. Nikatoka nje — waya wa eriali haupo juu ya paa. Mama alikuwa anapepeta mchele. Nilipiga kelele, Mungu anisamehe, sijawahi kumpigia Mama kelele.

Mama mdogo ameondoka nayo asubuhi. Wameifunga ndani ya ngozi, wakaizungushia mikeka na miti ya nyumba ya kuhamahama anayopeleka Biliqo, na waya wangu wakaukata vipande wakafungia mzigo. Hakuna askari atakayefungua mzigo wa nyumba ya mwanamke mzee, wanasema. Yote juu ya lori la Gedi. Gedi mwenyewe hajui amebeba nini.

Nikamwambia Mama polisi wanajua ninayo, niliwaandikia kwa mkono wangu. Hakuelewa mara moja. Mtu aende mwenyewe kuwaambia polisi ana kitu kama hicho? Alidhani nimeificha muda wote huu.

Halafu akasema juu ya Baba. Huwa hasemi. Mwaka wa sitini na saba, wakati wa vita vya shifta, nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba alikuwa na darubini aliyopewa na mzungu wa idara ya mifugo, anatafutia ngamia waliopotea. Askari walipekua, wakaikuta juu ya sanduku, wakaondoka naye. Hatujaonyeshwa hata kaburi.

"Ile darubini niliacha tu ndani ya nyumba," Mama akasema. "Nilifikiri ni kitu ya kuona ngamia. Hii nyingine siachi tena. Imeenda, wewe umebaki."

Nilikaa chini karibu naye tukapepeta mchele wote wawili. Nampenda na nina hasira naye, na ninaogopa mpaka meno yanauma.

Ijumaa, Agosti 6

Konstebo kaja na karatasi ya Nangiro. Anataka kuona transmita. Nikasema iko maabara ya shule, ina hitilafu, shule imefungwa na ufunguo anao mwalimu mkuu ambaye amesafiri kwenda kwao Meru. Yote hayo kwa pumzi moja! Uongo wangu wa kwanza kwao. Mama kampa chai yenye maziwa mengi. Kanywa vikombe viwili, kaandika, kashukuru, kaenda.

Nataka kupeleka habari Biliqo iletwe tena. Lakini kurudi nayo ni kupita vizuizi vile vile. Na Gedi angekuwa amesharudi jana.

Jumanne, Agosti 10

Sirad, mke wa Gedi, amekuja akilia hadi shela imeloa. Lori lilisimamishwa kabla ya Merti. Wanajeshi, si polisi. Walishusha kila kitu mpaka mbao za sakafu. Gedi yuko ndani hapa Isiolo, kituo cha polisi, tangu wanajeshi wamlete Jumamosi, na mama mzee mmoja aliyekuwa abiria. Wanasema Gedi alikuwa na redio ya kuongea na Mogadishu. Eti Msomali, lori, redio — kesi imekwisha. Yule mama mzee anasisitiza kwamba kile chombo ni chake na ni jiko la stima.

Jiko! Mama mdogo Qabale, ambaye hana hata nguzo ya stima kule kwao, anawaambia askari ni jiko, ili asinitaje.

Sirad hajui. Ameniuliza mimi, kwa kuwa nimesoma, kama wanaweza kumfunga mtu kwa kitu ambacho hakukijua. Nilimshika mkono, nikamletea maji. Nilikuwa na maneno mdomoni na nikanyamaza. Amekwenda zake akinishukuru kwa maji.

Mama ameacha kula.

Jumatano, Agosti 11

Nimekwenda Posta nikitafuta barua ya mshahara. Karani akanipa bahasha ndefu ya kahawia.

Leseni.

Nimepewa! Tano, Z, nne, halafu herufi mbili ambazo siziandiki hata hapa. Nilisimama pale kwenye masanduku ya barua nikalisoma jina hilo kimoyomoyo kwa Morse, na kwa dakika nzima nilikuwa na furaha, furaha ya kweli, kama hakuna mapinduzi na hakuna mtu ndani. Imetiwa sahihi Julai 29. Basi Nangiro alisema ndiyo, siku tatu kabla ya mapinduzi. Alisema ndiyo na mimi nilikuwa namwogopa tu.

Nikageuza nyuma kusoma masharti. Mitambo itumike na mwenye leseni tu. Itumike mahali palipotajwa tu. Isiondolewe hapo bila ruhusa ya maandishi.

Kwa hiyo nilipokuwa sina leseni nilikuwa mtu mwenye balbu na vali mbili. Sasa ninayo, na nimeshaivunja tangu tarehe tatu kabla sijaiona.

Lakini ina jina langu. Gedi hana karatasi yoyote ya kumtoa mle. Mimi ninayo hii.

Nimemwambia Mama kesho naenda. Hakunizuia. Amekwenda kuswali na amekaa kwenye mkeka hadi sasa.

Alhamisi, Agosti 12

Nimekwenda.

Transmita iko juu ya meza ya Nangiro, imebonyea upande mmoja, vali hazijavunjika. Nilimpa salamu, nikaweka leseni mbele yake, nikasema ni yangu, nikasema maabara ya shule ilikuwa uongo, nikasema Mama ndiye aliyeitoa kwa hofu na Gedi hakujua. Niliyasema yote bila kukaa. Akasoma leseni pande zote mbili. Sahihi ya Nairobi anaijua.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akasema leseni anaiamini, na mimi ni mwalimu, ananiheshimu. Anachotaka kujua ni mashine ya nani hasa. Nani ameiunda. Nani anaitumia. Mwanamke kupata karatasi kwa niaba ya mwanaume, hiyo ameiona mara nyingi kwenye leseni za bunduki na za maduka. Na mwanaume mwenye lori tayari anaye.

Nikasema nipe balbu, Afande, nitakuonyesha inavyofanya kazi. Akasema balbu hata yeye anawasha.

"Kesho, saa tisa. Utaiwasha hapa, utaita hilo jina lako, na mimi niwe nimekaa hapo. Ukijibiwa, Gedi na huyo mama wanaenda nyumbani. Halafu tutaongea mimi na wewe."

Nikamwambia leseni hainiruhusu kuita nikiwa hapa, ni Kiwanjani tu. Akasema yeye ndiye anayeruhusu. Nikaomba aniandikie. Akatabasamu, na sikurudia. Nikamwambia bila eriali hakuna kitu, waya umekatwa. Akaenda dirishani akaonyesha mlingoti wa bendera. Waya tutaunga, akasema, mlingoti ni mrefu vya kutosha.

Kwenye bendera! Wiki hii!

Waliniruhusu kumwona Mama mdogo kwenye korido. Amekonda. Akanikemea kwa Kiborana kwa nini nimekuja, alikuwa karibu kuwashinda kwa lile jiko.

Ijumaa, Agosti 13

Watu wametoka msikitini. Nimeoga, nimevaa. Watanichukua kwa gari, mimi na redio yangu kubwa ya kusikilizia, ni nzito siwezi kuibeba.

Tangu asubuhi nagonga jina langu kwa kidole mezani. Kidole kinalijua. Sijawahi kulituma mahali popote.

Nilichokuwa sijafikiria hadi leo: siwezi kuchagua nani atajibu. Ukiita, umeita dunia yote, na anayesikia ndiye anayejibu. Wazungu wa Ulaya huwa wanasikika vizuri alasiri. Lakini Warusi wanasikika vizuri kuliko wote, wana mitambo mikubwa na ni wepisi kujibu. Akijibu Mrusi mbele ya Nangiro? Akijibu mtu wa Tanzania — na wakubwa wa mapinduzi wamekimbilia Tanzania? Uganda haifai. Ethiopia haifai. Akijibu Msomali wa Mogadishu, hata kama ni mzee aliyestaafu anayetaka kuniambia kwake kuna upepo, Gedi amekwisha.

Na asipojibu mtu, Gedi amekwisha vile vile.

Sitaweza hata kumdanganya Nangiro. Alama ya nchi inatangulia kwenye kila jina, na amesema ataleta askari wa signo, kitengo cha mawasiliano, anayejua Morse akae upande wa pili wa meza. Nitakachosikia mimi watasikia wao.

Miaka miwili nimeota siku nitakayoita na mtu wa mbali anijibu. Sasa nimekaa kitandani na viatu miguuni namtajia Mwenyezi Mungu nchi, moja moja, ambazo naomba leo zisinisikie.

Land Rover imesimama nje. Mama amekwenda kufungua.