Safari ya Viazi Sita

Kosele, 1996

Mjukuu wangu Akinyi,

Huku hatujambo. Babu yako anakohoa kidogo, lakini nguvu za kugombana na kuku bado anazo. Barua yako ilinichekesha kwanza, halafu nikaisoma tena. Unauliza: "Dana, Nairobi hadi London ni masaa nane tu kwa ndege. Mbona mwezi umeisha na bado nahisi sijafika?"

Mambo ya ndege siyajui. Najua nilivyotoka kwetu Migori kuja kuolewa hapa, siku mbili kwa miguu. Wakati huo safari tuliipima kwa chakula. Mama alisema Kosele ni viazi vitamu sita, akavichemsha, akanifungia kikapuni. Njiani sikuonja hata kimoja, kwa vile nilikuwa nalia.

Mama mkwe alipofungua kikapu, akavihesabu. "Sita? Basi huyu bado yuko Migori," akawaambia watu. Nikaona aibu, nikadhani ananisuta. Kumbe alikuwa anavuta kigoda akae nami. Viazi vilikuwa vimeanza kuchacha, lakini alimenya kimoja, akanipa nusu, nusu akala yeye. Tulikula mpaka kikapu kikabaki kitupu, ndipo akasema, "Sasa umefika."

Akinyi, zile njugu nilizokukaangia za safari, najua hata fundo la kitambaa hujafungua. Wewe ni damu yangu. Gonga mlango wa jirani, hata kama hamjuani, mle pamoja mpaka ziishe.

Dana, nyanya yako