Mkono Uliokwama Nyuma ya Taa Ulikuwa Wangu

Mpendwa mdogo wangu Hibo,

Assalamu alaykum. Unisamehe kwa kukawia. Uliniandikia Ramadhani ukiuliza kama mtoto ameota jino, na sasa ana meno manne na ananing'ata nayo. Sikusahau. Kila nikishika simu nikujibu nilikuwa naanza na salamu na kumaliza na hasira, nikafuta. Ndiyo maana nimechana karatasi za katikati za daftari la Sumaya, nikaona bora niandike kwa kalamu, maana kalamu haina sauti ya kupanda. Naandika Kiswahili kwa sababu Kisomali chetu ni cha mdomo. Kukiandika hakuna aliyetufundisha, na nikikosea herufi najua utacheka.

Nianze na kile kilichonizuia. Nina wivu nawe, Hibo. Nimeliandika neno lenyewe nisije nikalizunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi.

Ile video yako ya kutoa taa za xenon na kuweka za LED nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyotaka kukubali. Wa kwanza kunionesha ni Mwalimu Rukia, jirani yangu hapa Masalani, yule anayefundisha Kotile. Aliingia na simu mkononi: "Mama Sumaya, huyu si mdogo wako?" Nikatazama huku nanyonyesha. Ovaroli la buluu limepigwa pasi, mtandio umeingia vizuri ndani ya kola, na pembeni kuna mtu anakupa bisibisi kabla hujaiomba. Kucha safi! Fundi gani wa magari ana kucha safi? Nilibonyeza kopa la kuipenda video, nikaliondoa, nikalibonyeza tena kwa sababu Rukia alikuwa ananitazama.

Kazi uliifanya vizuri, hilo sikunyimi. Lakini mwishoni ukaegemea boneti, ukacheka, ukawaambia watu, "Nilipokuwa mdogo mkono wangu ulikwama nyuma ya taa ya gari, baba akanitoa kwa samli."

Hibo. Mkono wako?

Tukumbuke pamoja, huenda Nairobi imekuchanganyia. Gereji ya Aabo, baba yetu, pale Garissa, njia ya kwenda soko la mifugo, kontena moja na kivuli cha mabati. Mimi nina miaka kumi na miwili, wewe tisa. Lilikuja gari la daktari wa mifugo, na nyuma ya taa yake moja palikuwa pamebanwa na betri, mkono wa Aabo haukuingia hata kwa dua. "Leteni mkono mdogo," akasema. Wako ulikuwa mdogo zaidi, kweli, lakini wewe ulikuwa umekalia kiti cha dereva. Kazi yako ilikuwa kuwasha na kuzima. Tulikuita Swichi, na hukushuka kwenye kiti kile hata ukiitwa kula.

Aliyeingiza mkono ni mimi. Nikafungua kiwaya kinachoshikilia balbu, na wakati wa kurudi mkono ukakataa. Sikulia. Uliyelia ni wewe, huko kwenye usukani, ukidhani watanikata. Daktari akasema, "Acha kulia, binti, mimi nimetoa ndama mahali pabaya kuliko hapa." Hapo ndipo uliposhuka, ukakimbia nyumbani bila viatu, ukarudi na kopo la samli ya mama, ile aliyowawekea wageni. Aabo akanimiminia mpaka kwenye kiwiko, mkono ukatoka na damu kidogo. Mama naye akafika nyuma yako, anahema: "Samli yangu! Leo mnapika gari?" Tulicheka wote isipokuwa yeye.

Mbio zile ni zako. Bila wewe sijui ningekaa pale mpaka lini. Ungewaambia watu wako hivyo, kwamba dada alikwama na mimi nikakimbia, ingewatosha, ni habari nzuri. Kwa nini uchukue na yangu? Alama iko hapa kwenye kifundo, naiona kila siku nikikanda unga wa anjera.

Na yale maneno uliyoyasema kwa sauti ya ualimu, kwamba balbu ya xenon ishikwe kwa kitambaa kwa sababu mafuta ya kidole yanaiunguza, nani alikuwa anayarudia asubuhi mpaka jioni? Aabo alisema mara moja tu: "Huyu ni bibi harusi, mshike kwa kitambaa na usimguse uso." Mimi ndiye niliyekuimbia wewe mpaka ukakasirika. Na ile nyingine: "Toa betri, halafu subiri. Hii taa ukiizima bado ina kinyongo." Uliisema kama umezaliwa nayo.

Halafu ikaja ile nafasi ya chuo cha ufundi, na Aabo angeweza kusomesha mmoja tu. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na posa ya Yusuf imeshapokelewa. Tulikuwa tumekaa mkekani, akauliza, "Nani aende?" Wewe ukatazama chini. Mimi nikasema, "Hibo aende, mimi naolewa." Sikulazimishwa, nisije nikamsingizia mzee wa watu. Yusuf ni mtu mwema, na wanangu siwabadilishi na gereji zote za Nairobi. Lakini nilisema vile nikingoja mtu mmoja aniulize, "Na wewe je?" Nilikuwa nakutazama wewe. Wewe ulikuwa tayari unapanga nguo zako kichwani.

Miaka tisa sijakuambia. Sasa sikia wivu umenifikisha wapi.

Gari la Rukia ni lile dogo lake la kutoka Japani, lenye xenon. Taa ya kushoto iligeuka zambarau, ikawa inapepesa, mwisho ikafa. Balbu za saizi yake siku hizi ni kutafuta kwa tochi, hata Garissa kila duka wanakuambia weka LED. Akanunua jozi. Kwa mafundi wa kiume hapendi kwenda. Anasema, "Wananikalisha juu ya jiwe, halafu wananiuliza mume wangu yuko wapi, kama kwamba yeye ndiye aliyeungua." Basi siku ile ya video akaniangalia, akaangalia simu, akasema, "Kwani hii kazi iko kwa damu yenu, ama iko kwa yule mdogo peke yake?"

Alikuwa anatania. Lakini mimi nilisikia kila neno. Nikamwambia, "Lete gari."

Alilileta Jumamosi asubuhi. Mtoto nikamfunga mgongoni, Sumaya nikampa kazi ya kulinda skrubu zisimezwe na kuku. Nikatoa betri, nikasubiri. Nikaingiza mkono, na wallahi Hibo, mkono ulikumbuka! Miaka yote hii ya kufua na kukanda, na bado ulijua kiwaya kinafunguka upande gani. Nikatoa xenon kwa kitambaa, kioo kizima, hakina alama hata moja. Nilifurahi mpaka nikaanza kuimba, mama mkwe akachungulia dirishani kuona kama nina wazimu.

Hapo nikafika mahali ambapo Aabo hakunifikisha. LED hatukuwahi kuigusa naye. Nikafungua video yako, na video yako inaruka: unaonesha balbu ya zamani imetoka, halafu unaonesha taa mpya inawaka. Katikati umeweka muziki. Nikatazama lile sanduku la balasti, linalopandisha stima ili xenon iwake, nikaona plagi yake inaingia kwenye LED sawasawa. Nikasema, ikiingia basi ndiyo yake.

Sikukupigia. Salio nilikuwa nalo, mtandao ulikuwepo, simu ilikuwa juu ya bampa mbele ya macho yangu. Ningekupigia ungepokea, hilo najua. Ila ningekuwa nimekuuliza wewe, na siku ile nilikuwa afadhali niunguze gari la mtu.

Na ndivyo ilivyokuwa. Nikachomeka, nikarudisha betri, nikamwambia Rukia aliyekaa kwenye usukani, "Washa!" Taa ikatoa mwanga mweupe mkali, ukipepesa jicho unaukosa, halafu moshi na harufu ya plastiki. Rukia akauliza kutoka ndani, kwa adabu yake ya kiwalimu, "Ndiyo inatakiwa kunuka?"

Nyingine nikaing'oa kabla haijafuata. Sasa gari liko uani kwangu siku ya nne, limefunikwa kwa leso, na taa zote mbili zimebaki mashimo. Mama mkwe anapita akilitazama: "Hii gari inalala hapa mpaka lini? Hata ngamia mgonjwa anachinjwa." Yusuf yeye hakupiga kelele. Alikunywa chai yake, akasema, "Nilikuruhusu ujaribu. Shule ikifunguliwa na gari bado liko hapa, hiyo kazi uiache." Angefoka ningemjibu. Shule inafunguliwa baada ya siku tisa. Rukia hutoka alfajiri kwenda Kotile, na unaijua ile njia, twiga na ng'ombe wanavuka bila kumuuliza mtu. Bila taa hawezi. Na kuna wanawake wawili wengine wenye magari ambao wameniuliza pembeni, kwa sauti ya chini, kama ninaendelea na kazi. Wanangoja kuona la Rukia. Likishindikana, narudi jikoni, na safari hii sitatoka tena.

Nimechoka, Hibo. Usiku nalala kwa vipande, mchana nasimama kwa mazoea. Lakini saa zile mbili nikiwa na mkono ndani ya boneti sikuchoka. Hilo ndilo linalonitia uchungu nikikuona wewe. Usidhani wivu umeondoka kwa sababu nina shida, uko palepale, umekaa nami hapa ninapoandika. Ila sitaki upoteze hata kucha moja ya hizo safi. Ulipo pazidi kukunyookea. Ninachotaka ni na mimi niwe na changu, hata kama ni hapa uani, na vumbi, na mtoto mgongoni.

Na ile habari ya mkono uirekebishe. Utafanyaje na video mimi sijui, huo ni ujuzi wako. Jina langu usilitaje, Yusuf hatapenda. Sema "dada yangu mkubwa", yatosha. Aabo macho yamempungukia lakini masikio anayo, kuna mtu alimwekea video yako akaisikiliza. Juzi akaniuliza kwenye simu, "Yule aliyekwama si ulikuwa wewe?" Nikamjibu, "Sikumbuki, Aabo." Nilikuficha kwa baba yetu, nikadanganya nikiwa nimeshika kifundo hiki hiki. Mara ya pili sitakuficha.

Allah akulinde huko uliko, akupe riziki na mume mwenye subira. Barua hii nampa dereva wa basi la Garissa, naye ataikabidhi kwa la Nairobi. Mzigo uurudishe kwa njia hiyo hiyo, uandike jina langu kubwa, na usikae nao zaidi ya siku mbili.

Nahitaji jozi moja ya LED ya ile aina isiyopitia kwenye balasti, inayotumia stima ya kawaida ya gari, na sehemu yake ya nyuma yenye feni iwe fupi, maana pale nyuma ni finyu. Waya mwekundu na mweusi, mita mbili mbili. Vile visanduku viwili vinavyoizuia dashibodi isilalamike kwamba taa imeungua. Vifuniko viwili vya mpira vya nyuma ya taa, vyenye kina, kwa sababu vya Rukia havitafunga na vumbi la huku unalijua. Testa, ninayotumia ni kuukuu ya Aabo na ncha imekatika. Tepu nyeusi, ile nzuri, isiyoachia jua likipamba moto. Dawa ya kupaka ufizi wa mtoto. Shati jeupe la shule la Sumaya, la miaka saba, mikono mirefu. Na video moja ambayo hutaiweka mahali popote: ile sehemu ya katikati, bila muziki, waya upi unaenda wapi, balbu inakaa imeelekea upande gani, na mwanga unapimwaje ukutani usije ukawapofusha wanaokuja mbele. Usiwasalimie watazamaji. Anza kwa kuniita abaayo, kama ulivyokuwa ukiniita dada yako tukilala mkeka mmoja, na uende polepole, kwa sababu nitakuwa naitazama na mtoto begani.

Dada yako mkubwa,
Mama Sumaya